MAFUNZO YA AFYA NGAZI YA STASHAHADA: NJIA ILIYO WAZI KWA WATOTO WA WANACHAMA

Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao shabaha yake ilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Katika vijiji vingi wananchi wamechangia mchanga, mawe na nguvu zao ili kuta zisimame. Lakini kuta hazipimi malaria wala hazizalishi mama mjamzito. Kazi hiyo ni ya tabibu, muuguzi na mtaalamu wa maabara, na wengi wa watumishi hao hutoka katika vyuo vya kati. Yafaa basi kila chama cha msingi kifahamu jinsi kijana anavyoingia katika vyuo hivyo.

Mafunzo yenyewe

Stashahada ya afya husomwa kwa miaka 3. Mwaka wa kwanza ni Ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi, wa pili ni Ngazi ya 5, na wa tatu ni Ngazi ya 6, yaani stashahada kamili. Wanafunzi hujifunza viungo vya mwili na kazi zake, magonjwa, dawa, afya ya mama na mtoto, na afya ya jamii. Kisha hufanya mazoezi wodini chini ya uangalizi. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na vijana wengi hushindwa kwa lugha kabla ya kushindwa kwa somo.

Kwa utabibu na uuguzi, mwombaji awe amehitimu kidato cha nne na kufaulu masomo yasiyopungua 4 yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa hiyo mtoto anayeacha Fizikia na Kemia akiwa kidato cha tatu huwa amejifungia mlango mapema, mara nyingi bila mzazi kujua.

Vyuo haviko mbali. Karibu na mji wa Shinyanga kipo Chuo cha Sayansi za Afya Kolandoto, kando ya hospitali ya Kolandoto; na Geita kipo chuo cha uuguzi.

Miezi ya hatari

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, lakini vyuo hufunguliwa kati ya Septemba na Oktoba. Katika miezi hiyo vijana wengi wa ukanda wa dhahabu huingia katika maduara. Huko huvuta vumbi la mawe, ambalo huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, na hushika zebaki kwa mikono mitupu. Aliyekwisha kuonja fedha ya dhahabu ni vigumu kumrudisha darasani. Ni heri miezi hiyo itumike kusoma Kiingereza, kutafuta cheti cha kuzaliwa na kujaza maombi.

Fedha na msimu wa pamba

Ununuzi wa pamba huanza kwa kawaida mwezi Mei. Ada hudaiwa miezi michache baadaye. Fedha iliyopokelewa Juni bila mpango haionekani tena Oktoba. Pamoja na ada, mzazi akumbuke sare, malazi, chakula, bima ya afya na nauli za mazoezi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya ni mojawapo. Hata hivyo mkopo si wa kila mwombaji, kwa hiyo akiba ya nyumbani haina mbadala.

Wajibu wa makatibu

Elimu ni moja ya misingi ya ushirika. Makatibu wa vyama wanaweza kusaidia kwa njia 3.

Kwanza, kubandika katika ofisi ya chama tarehe za maombi zinazotangazwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET).

Pili, kuwahimiza wazazi wahakikishe, kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwamba chuo kimesajiliwa na Baraza hilo na kozi yenyewe imeidhinishwa. Cheti cha chuo kisichotambuliwa hakimpi mtu leseni ya kutibu.

Tatu, kuwasilisha katika mkutano mkuu pendekezo la akiba ya elimu. Akiba hiyo iwe ya hiari, na mwanachama aridhie kwa maandishi kabla ya kukatwa chochote katika malipo ya pamba yake.

Mhitimu wa uuguzi hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kupewa leseni, na mwenye matokeo mazuri aweza baadaye kuendelea na shahada. Kijana mmoja akirudi kuhudumu katika zahanati ya wilaya yake, faida yake haiishii kwa mzazi aliyeuza pamba. Huwafikia wote waliobeba mawe ya kuijenga.