Wagiriki wa Juba: Ukoo wa mhamiaji hutafutwa wapi?

Jina la Hai Cinema, mtaa wa katikati ya Juba, limeunganisha neno la Kiarabu la mtaa na kumbukumbu ya jumba la sinema. Katika mji huo mkongwe kuna kumbukumbu nyingine isiyotajwa sana: majengo yaliyoachwa na wafanyabiashara wa Kigiriki wa enzi za ukoloni.

Wagiriki waliingia Sudan kwa wingi baada ya 1898, wakiliuzia bidhaa jeshi la Uingereza na Misri. Kusini walipata nafasi zaidi baada ya 1922, wakoloni walipowabana kwa vibali wafanyabiashara wa kaskazini, jellaba. Baadhi yao walizaa na wanawake wa Kusini. Vita, pamoja na utaifishaji wa mali wa 1970 chini ya Jaafar Nimeiri, viliwatawanya.

Mjukuu anayetaka kujua babu alitoka wapi huanza na jina, nalo si kiongozi mwaminifu. Kiarabu hakina sauti ya "p", hivyo Papadopoulos huanza kwa "b" katika hati za Kiarabu, kisha karani mwingine huligeuza tena kwa herufi za Kilatini.

Uraia nao hupotosha. Lesbos na Karpathos zilikuwa chini ya Waosmani hadi 1912. Karpathos ikatawaliwa kisha na Italia, na Cyprus ilikuwa ya Waingereza. "Mgiriki" wa Juba angeweza kabisa kubeba pasipoti ya Italia. Hata tarehe hutofautiana: Ugiriki ilibadili kalenda mwaka 1923, na siku 13 zikarukwa.

Mahali pa kutafuta ni sajili za manispaa nchini Ugiriki, vitabu vya ubatizo vya Kanisa la Othodoksi lililo chini ya Patriaki wa Alexandria, na nyaraka za jumuiya ya Wagiriki ya Khartoum, iliyoanzishwa 1902. Tangu vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, njia hiyo ya mwisho imekuwa ngumu mno. Nje ya Sudan, Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kinahifadhi karatasi nyingi za maofisa wa kikoloni.

Wazao wa Waireland walio ng'ambo wanaijua adha hii. Hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliteketea 1922, na wengi hutegemea sajili za parokia na sensa za 1901 na 1911.

Kwa familia za Juba, si udadisi tu. Sheria ya Ugiriki hutoa uraia kwa nasaba, lakini mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huhitaji kuwa alitambuliwa kisheria na baba yake. Bila hati, damu pekee haitoshi. Upande wa mama ni mwepesi zaidi: sheria ya Sudan Kusini ya 2011 humhesabu mzazi, babu au bibi, hata mzazi wa babu, na inaruhusu uraia pacha.