Breki Laini: Pima Gari Kabla ya Kumpakia Mgonjwa



Katika ukurasa huu umezoea kusoma juu ya malaria, kuharisha na chanjo za watoto. Leo tunazungumza juu ya breki. Usishangae. Mama anaposhikwa na uchungu usiku na ambulensi iko mbali, familia hukodi gari la jirani, mara nyingi Toyota Corolla au HiAce iliyokwisha zeeka. Kutoka Nakivale hadi hospitali ya rufaa ya Mbarara kuna vumbi, mashimo na milima ya Isingiro. Gari hilo likishindwa kusimama, badala ya mgonjwa mmoja tutakuwa na watano.

Dereva atakuambia: "Breki ipo, ila uipigepige kidogo." Maneno hayo yasikutulize. Kupigapiga pedali ni sawa na kumeza Panadol kila homa inapopanda bila kupimwa damu. Joto linashuka, ugonjwa unaendelea.

Namna ya kupima

Huhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, injini iwe inawaka. Dereva akanyage pedali kwa nguvu ya kawaida na kuishikilia hapo hapo huku wewe ukihesabu polepole hadi 30. Tazama mguu wake.

Pedali ikibonyea kama sponji, na ikipigwapigwa inapanda lakini bado inadundadunda, kuna hewa ndani ya mabomba. Mafuta ya breki hayabanwi, hewa hubanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kwenye hewa badala ya kufika kwenye gurudumu. Fundi atatoa upepo, lakini muulize hewa hiyo iliingilia wapi. Ikiwa pigo la pili linaipandisha pedali na kuifanya ngumu kabisa, huenda shida ni lainingi za nyuma: zimelika au hazijakazwa.

Ya hatari zaidi ni pedali inayozama polepole wakati imeshikiliwa. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu, mipira ya breki, na mahali pedali inapoingilia. Ukiona unyevu wa mafuta, yanavuja. Pakiwa pakavu kote na mafuta kwenye kikopo hayapungui, mara nyingi raba za ndani ya masta silinda zimechoka, mafuta yanarudi nyuma badala ya kusukuma. Ugonjwa huu ni mwongo. Ukikanyaga kwa kishindo, breki inashika. Ukikanyaga taratibu kwenye mteremko, mguu unafika chini.

Kuna pia pedali iliyo nzima asubuhi na laini baada ya mteremko mrefu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Breki zikipata moto, mvuke unatokea ndani ya bomba, nao hubanwa kama hewa. Gari likipoa pedali inarudi, na dereva anasema limepona! Halijapona. Mafuta yabadilishwe kila miaka 2 hivi, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Kuongeza mafuta tu kwenye kikopo si matibabu. Na kamwe yasiwekwe mafuta ya injini: raba zitavimba na breki yote itaharibika.

Kwa vijana wanaojifunza ufundi

Msivute mafuta ya breki kwa mdomo. Ni sumu, na yanaweza kuharibu figo. Msiyaweke kwenye chupa ya soda, mtoto atakunywa. Akinywa, msimtapishe, mkimbizeni kliniki pamoja na chupa yenyewe. Yakiingia machoni, osheni kwa maji safi kwa dakika 15. Vumbi la breki nalo msilipulize, kwani lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto inayoleta saratani ya mapafu. Futeni kwa kitambaa kibichi.

Breki ikikataa njiani

Dereva apigepige pedali haraka, ashushe gia, avute breki ya mkono kidogo kidogo. Asizime injini, maana usukani unaweza kuwa mgumu au kujifunga.

Sasa swali gumu: ni saa nane za usiku, gari ni hilo moja tu, na pedali inazama. Usimpakie mgonjwa. Najua ni rahisi kuandika hivyo kuliko kumwambia mume ambaye mkewe analia. Hata hivyo, dakika unazopoteza kumwita VHT ili ambulensi au gari jingine litafutwe ni chache kuliko za kumtoa mama bondeni. Ndiyo maana magari yapimwe mchana, wakati hakuna anayeumwa. Wiki hii wewe na majirani nendeni kwa madereva wa kijiji chenu, muwaombe wakanyage pedali huku mkihesabu. Asiyekubali, mmeshamjua. Namba ya aliyefaulu iandikeni pamoja na ya VHT wenu, mbandike karibu na mlango, mahali hata mtoto ataiona kwa tochi.