Kioo cha kompyuta kuukuu ya Linux: Usikimbilie kununua kipya
Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo wake wa uendeshaji wa Windows 10. Hatua hiyo iliwaacha njia panda wamiliki wengi wa kompyuta mpakato za zamani, ambazo hazina sifa zinazotakiwa na Windows 11.

Baadhi yao wameamua kuhamia Linux, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Mfumo huo hupatikana bila malipo na huendelea kuhudumia mashine ambazo wengine wamekwisha kuziweka kando.

Hata hivyo, mara baada ya kuhama, lipo lalamiko ambalo hujirudia: herufi zimefifia, picha zimetanuka, rangi zimepauka na macho huchoka baada ya muda mfupi wa kusoma. Mwenye kompyuta huhitimisha kwamba kioo kimekufa, akatafuta fedha za kununua kingine au akaiuza mashine kwa bei ya kutupa.

Katika hali nyingi uamuzi huo huwa wa haraka mno. Kioo huwa kizima, ila hakijaelewana na mfumo mpya, na marekebisho yake hayagharimu kitu zaidi ya muda.

Kutambua ugonjwa

Jambo la kwanza ni kujua kama tatizo limo katika kifaa chenyewe au katika programu. Kompyuta inapowashwa, nembo ya mtengenezaji hujitokeza kabla Linux haijaanza kazi. Kama michirizi, madoa au kumetameta kunaonekana tangu hatua hiyo, lawama si ya Linux.

Njia nyingine ni kuiunganisha kompyuta hiyo na runinga au kioo cha nje. Picha ikiwa safi huko nje lakini mbovu katika kioo cha ndani, basi kioo hicho au waya wake ndio wenye hitilafu. Ikiwa mbovu kote kuwili, chunguza mipangilio na kadi ya picha.

Idadi ya nukta

Chanzo kinachoongoza kwa kuharibu picha ni mpangilio wa nukta usiolingana na kioo. Vioo vya kompyuta mpakato vina idadi maalumu ya nukta, ziitwazo pikseli, ambayo haibadiliki tangu kiwandani. Vingi vya miaka ya 2010 vina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Vya kabla yake mara nyingi ni 1280 kwa 800 au 1024 kwa 768.

Tuseme kioo cha 1366 kwa 768 kimepewa picha ya 1024 kwa 768. Kila safu ya nukta italazimika kutandazwa juu ya safu moja na theluthi ya kioo. Kwa kuwa theluthi ya pikseli haipo, rangi huchanganywa kati ya nukta jirani, herufi zikapoteza makali na duara likageuka kuwa yai.

Dawa yake ni kufungua mipangilio ya maonyesho na kuchagua kipimo halisi cha kioo. Kwa mifumo inayotumia Xorg, kama ile yenye eneokazi la Xfce, amri ya xrandr huorodhesha vipimo vyote. Alama ya kujumlisha huonyesha kipimo ambacho kioo chenyewe kinapendekeza, na kinyota huonyesha kinachotumika. Alama hizo mbili zinapaswa kukaa mstari mmoja.

Kwa matoleo mapya yanayotumia Wayland, kama Ubuntu 25.10 ya mwaka 2025, kazi hiyo hufanyika kupitia menyu ya mipangilio.

Neno moja lililosahauliwa

Huenda kipimo sahihi kisionekane kabisa katika orodha. Hapo ndipo panapofaa kukumbuka siku mfumo ulipowekwa.

Mashine nyingi za zamani hugeuka giza wakati wa kuweka Linux, na fundi hulazimika kuchagua njia ya usalama. Njia hiyo huongeza neno nomodeset katika maagizo ya kuwasha kompyuta. Neno hilo huizuia keneli, yaani kiini cha Linux, isiiongoze kadi ya picha, kazi ambayo keneli ilianza kuifanya yenyewe mwaka 2009.

Neno hilo husaidia siku ya kwanza. Likiachwa humo, picha hubaki ya kiwango cha chini, video hukwama kwama na kichakato kikuu hubeba mzigo usio wake.

Kwa watumiaji wa Ubuntu, Mint au Debian, huondolewa kwa kufungua faili la /etc/default/grub, kufuta neno hilo, kutoa amri ya sudo update-grub, kisha kuwasha upya. Iwapo giza litarejea, mtumiaji afungue menyu ya GRUB wakati wa kuwasha, abonyeze herufi e na kulirudisha neno hilo mwishoni mwa mstari unaoanza na linux. Litatumika kwa mara hiyo tu, na kazi zake hazitapotea.

Kuhusu programu ya kuendesha kadi ya picha, wenye kadi za Intel na AMD hawana haja ya kutafuta chochote, kwani imo ndani ya keneli. Wenye kadi kuukuu za Nvidia wawe waangalifu: kampuni hiyo ilisitisha huduma kwa programu yake ya mfululizo wa 340 mwaka 2019 na ya 390 mwaka 2022. Kwa kadi hizo, programu huria ya Nouveau kwa kawaida ndiyo yenye usalama zaidi.

Makali ya herufi

Baada ya kipimo kukaa sawa, zamu inayofuata ni ya herufi. Kila pikseli hujengwa na vipande vitatu vya rangi nyekundu, kijani na bluu. Mfumo unaweza kuvitumia vipande hivyo kimoja kimoja ili kulainisha kingo za herufi, hivyo kioo chenye pikseli chache kikasomeka vizuri zaidi.

Kwa miaka mingi Linux ilisifika kwa herufi mbaya, na sababu kubwa ilikuwa ya kisheria. Mbinu za kunyoosha herufi zilikuwa chini ya hataza za Apple hadi mwaka 2010, na za kutumia vipande vya rangi chini ya hataza za Microsoft hadi mwaka 2019. Vikwazo hivyo vimekwisha.

Katika Xfce, mtumiaji afungue mipangilio ya mwonekano, sehemu ya fonti, awashe ulainishaji, achague unyooshaji wa kiwango kidogo na mpangilio wa RGB. Akiona kingo zenye rangi rangi, auzime mpangilio huo na kubaki na ulainishaji wa kijivu. Fonti za Noto, DejaVu na Liberation ni za bure na husomeka vizuri.

Mwanga na rangi

Katika mwanga, lazima ukweli usemwe: programu haiwezi kufufua taa iliyochakaa. Kompyuta mpakato nyingi za kabla ya mwaka 2009 zina mrija mdogo wa mwanga nyuma ya kioo, ambao hufifia na kugeuka rangi kadiri unavyozeeka. Kipengele cha mwangaza katika xrandr hakiongezi nguvu ya taa hiyo. Hubadili rangi za picha tu, na kikizidishwa huzipausha.

Aidha, vioo vingi vya bei nafuu hubadilika rangi vikitazamwa kutoka juu au chini. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, mtumiaji aelekeze kioo kimtazame sawasawa usoni.

Wapo pia wanaodhani kioo kimeingia umanjano, kumbe wamesahau kuzima Redshift au mwanga wa usiku, programu zinazopunguza rangi ya bluu nyakati za jioni.

Usafi nao usidharauliwe. Kompyuta izimwe, kioo kifutwe kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji. Spiriti na dawa za kusafishia madirisha huweza kuharibu utando wake, na maji yasipuliziwe moja kwa moja.

Kioo kinapobidi kubadilishwa

Uchunguzi ukionyesha kwamba kioo kimekufa kweli, mnunuzi asiende Kariakoo au katikati ya Nairobi na jina la kompyuta peke yake. Kompyuta za jina moja huweza kuwa na vioo tofauti. Kioo cha zamani kifunguliwe kwanza, namba iliyo mgongoni isomwe, na aina ya kiunganishi ilinganishwe, kwani kioo cha LVDS hakiingii mahali pa eDP.

Linux si mgeni katika ukanda huu. Mwaka 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi katika lugha ya Kiswahili.

Upo mpaka mmoja wa kuzingatia. Ubuntu iliacha kutoa diski za kuweka mfumo kwenye vichakato vya biti 32 mwaka 2017, na Debian ikafanya hivyo katika toleo lake la 13 la Agosti 2025. Mwenye kompyuta ya aina hiyo ajiridhishe kwanza kwamba bado upo mfumo wa kuihudumia, ndipo atoe fedha za kioo.

Kwa wenye vichakato vya biti 64, mashine iliyohukumiwa kutupwa inaweza kuendelea kuandika barua, kusomesha watoto na kufungua magazeti kwa miaka kadhaa. Kinachotakiwa ni kuanza na mipangilio, kisha bisibisi, na duka liwe la mwisho.