Jiko na Meko

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba wingi wa jiko ni meko, kama vile wingi wa jino ulivyo meno. Kanuni yenyewe si ngumu. Shina la neno ni -iko. Likitanguliwa na ji- hupatikana jiko, na likitanguliwa na ma-, irabu a na i huungana zikawa e. Hapo mwalimu huridhika, na mtoto aandikaye majiko hukatwa alama. Walakini mtu akisikiliza maneno ya watu wenyewe wanaopika, ataona kwamba wingi huo umekwisha kuachana na umoja wake zamani, na ya kwamba mtoto yule ameonewa.

Tuanze na mafiga. Jiko la asili ni mahali pa moto penye mawe matatu, na methali yasema, "Jifya moja haliinjiki chungu." Basi jiko moja lina mawe matatu, wala hakuna jiwe moja liwezalo kuitwa jiko. Naona hii ndiyo sababu umbo la wingi lilivutwa kuelekea kwenye mawe yenyewe: meko ikawa ni mafiga pamoja na mahali yalipopangwa, hata kama mahali hapo ni pamoja tu. Mama humwambia bintiye, "Teleka chungu mekoni," naye binti haulizi ni meko yapi. Kwa umbo neno hili ni la wingi, na kwa maana ni la kitu kimoja, kama yalivyo makao na malazi.

Kisha likaja jiko la kubebeka. Hili halina mawe. Ni chombo cha bati au cha udongo kinachotiwa mkaa, nacho watu wengi wa pwani walikiita seredani. Baadaye yakafuata jiko la mafuta ya taa, la umeme na la gesi. Chombo chaweza kuhesabiwa, kuuzwa na kutengenezwa, na kwa hiyo kilihitaji wingi ulio wazi. Fundi wa bati aliyepanga kazi yake kando ya njia husema ana majiko kumi. Akisema ana meko kumi, mnunuzi atashangaa. Majiko, basi, si kosa la watu wasiojua sarufi. Ni wingi wa maana mpya, na meko imebaki na maana yake ya kale. Twaweza kuongeza kwamba neno jiko, kwa maana hii ya chombo, limesafiri hata likaingia katika Kiingereza cha wataalamu wa nishati, hasa tangu miaka ya 1980 liliposambazwa nchini Kenya jiko la mkaa lenye bati kwa nje na udongo wa kuchomwa kwa ndani.

Lakini meko nayo haikukaa shamba. Mjini Nairobi siku hizi meko ni mtungi mdogo wa gesi, aghalabu wa kilo 6, uliofungwa kichomeo juu yake. Mwenye nao husema, "Meko yangu imeisha gesi," na dukani huuliza bei ya meko mbili. Msomaji atazame upatanisho: si meko yangu yameisha, bali imeisha. Neno limetoka katika ngeli ya ma- likaingia katika ngeli ya N-, na ile e iliyozaliwa na a na i haisikiki tena kuwa ni alama ya wingi. Kamusi inayoandika meko kwa maneno matatu tu, "wingi wa jiko", haitamsaidia msomaji wa Nairobi, wala haitamsaidia yule wa kijijini. Neno hili lastahili kidahizo chake lenyewe.

Shina -iko lina watoto wengine. Likitanguliwa na mu- hutoa mwiko, yaani ule mti mpana wa kusongea ugali; na kijiko ni ki-ji-iko, kama kijino. Hata Wakikuyu husema riiko kwa mahali pa moto na mwĩko kwa mti wa kusongea, jambo linaloonyesha kwamba jamaa hii si ya Waswahili peke yao. Kijiko kimekwisha kukamatwa na maana ya kulia chakula, na ndiyo sababu mwenye jiko dogo hasemi kamwe kwamba ana kijiko. Mwashi naye huita mwiko kile chuma chake cha kupakia chokaa na saruji, kwa kufanana kwa sura. Ama mwiko kwa maana ya jambo lililokatazwa, kama katika miiko ya uongozi iliyotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, mimi ningeuandika mbali. Hauna jamaa yoyote jikoni, na hadithi zinazosimuliwa ili kuuunganisha na ugali ni za kufurahisha tu.

Jikoni, pamoja na -ni yake, limekuwa karibu jina kamili: twasema vyombo vya jikoni, na chumba cha jikoni. Wimbo usiokwisha kurekodiwa "uko jikoni", na kadhalika muswada wa sheria.

Iliyobaki ni maana ya mke. Kijana aliyeoa husemwa kuwa amevuta jiko, au amepata jiko. Wako wanaoona hapa dharau tupu, kwamba mwanamke ameitwa kwa jina la kazi yake. Dharau yaweza kuwapo. Lakini tukumbuke kwamba katika nyumba ya mitala kila mke alikuwa na jiko lake, na kwa hiyo kuhesabu meko kulikuwa ni kuhesabu nyumba. Aliyepata jiko alikuwa amepata mji wake mwenyewe, asile tena kwa mamaye. Hata hivyo msemo huu ni wa vijana na wa mzaha. Kamusi ikiandika "jiko: mke" pasipo alama yoyote, itamponza mgeni atakayekwenda kulitamka mbele ya baba mkwe.