Prosesa ya nguvu, hewa ya joto: Pima chumba chako kabla ya kununua kipoza

WAHENGA walinena kwamba kwenda mbio si kufika. Mimi nimeuona ukweli wa maneno hayo ndani ya kompyuta, tena kompyuta ya fedha nyingi.

Kikundi chetu kina watu 14, wote tukiwa watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972 tuliorejea kutoka Tanzania. Mimi nilizaliwa na kusomeshwa Mishamo, nikarudi nyumbani mwaka 2009 nikiwa mwalimu. Wenzangu walirudi na ufundi wa kamera. Tuliweka akiba miaka mitatu, tukanunua kompyuta ya kuhariri video za harusi, kwani hapa Bujumbura kiangazi ndiyo msimu wa harusi na ndugu walio ng'ambo huja kwa wingi.

Shemeji yangu, mfanyabiashara wa kupitia mpaka wa Kobero, ndiye aliyetuletea mashine hiyo kutoka Dar es Salaam. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya daraja la juu kabisa. Tulipoiwasha tulishangilia.

Furaha haikudumu. Mwezi Julai tulipata harusi ya familia iliyokuwa irudi Ulaya siku ya Ijumaa. Mchana tulipoanza kuitoa ile video, mashine ilikimbia dakika chache, feni ikaanza kunguruma, halafu kasi ikashuka chini ya nusu. Tulijaribu tena, mambo yakawa yaleyale. Ikabidi tufanye kazi usiku, hewa ikiwa imepoa. Tuliwafikishia kazi yao Ijumaa asubuhi wakiwa wanafunga mizigo, nao wakakata theluthi ya malipo. Siwalaumu.

Nikampigia simu shemeji. "Mwalimu, mashine ni mpya, haina kosa," alinijibu.

Alisema kweli, kwani prosesa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kipoza kilichokaa juu yake, kile ambacho mafundi hukiita hitisinki. Aliyeiunganisha mashine aliweka kipoza kidogo kinachofaa prosesa ya wati 65. Ilikuwa sawa na kufunga injini ya lori na kuipa rejeta ya pikipiki.

Joto hutoka wapi?

Ndugu msomaji, karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Prosesa ya Intel Core i9-14900K, iliyotoka mwaka 2023, imeandikwa wati 125, lakini ikifanya kazi nzito inaruhusiwa kufika wati 253. AMD Ryzen 9 7950X ya mwaka 2022 imeandikwa wati 170, nayo inaweza kula hadi 230. Kwa hiyo anayenunua kipoza kwa kusoma namba ndogo pekee anajidanganya. Tena prosesa hizo mbili huuzwa bila kipoza ndani ya boksi, hivyo kilichofungwa juu yake ni chaguo la muuzaji.

Kipoza cha hewa hakitengenezi baridi kama friji. Kazi yake ni kuhamisha joto. Joto hupita kwenye kitako cha shaba, likapanda kwa mabomba membamba yenye maji kidogo yanayochemka na kurudi kuwa maji, likasambaa kwenye mapezi ya alumini, na feni ikalisukuma nje. Hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumbani.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Wanaopima vipoza huko Ulaya na Marekani hufanya hivyo katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Kipoza kilichoiweka prosesa kwenye nyuzi 85 katika chumba cha nyuzi 22 kitaiweka kwenye nyuzi 95 hivi katika chumba cha nyuzi 32, kazi ikiwa ileile. Na chumba chetu chini ya bati, saa nane mchana, hufika hapo bila shida. Mashine inayofanya kazi vizuri kwenye milima ya Bururi inaweza kuhangaika Bujumbura au Kigoma.

Prosesa haitaungua mara moja. Ile ya Intel imewekewa kikomo cha nyuzi 100, ile ya AMD nyuzi 95, na ikifika hapo hujilinda kwa kupunguza kasi. Kwa hiyo usitishwe na namba ya joto peke yake, tazama na kasi. Ikishuka chini ya kasi ya msingi iliyoandikwa na kiwanda, ujue umelipia nguvu usiyoitumia.

Kipi kinatosha?

Kwa prosesa za aina hii, acha vipoza vifupi vyenye feni moja juu. Tafuta kipoza cha mnara, na ikiwezekana minara miwili yenye feni mbili. Noctua NH-D15 ni mfano wa vile vikubwa. Kina urefu wa milimita 165, uzito wa kilo 1.32 pamoja na feni, na bei yake ni zaidi ya dola 100. Lakini Thermalright Peerless Assassin 120 SE, chenye mabomba sita na feni mbili za milimita 120, huuzwa chini ya nusu ya bei hiyo na hupitwa kwa nyuzi chache tu. Sisi tulichukua cha bei ya chini.

Kabla ya kulipa, pima mambo matatu. Kwanza, upana wa keisi, kwani kipoza kirefu huzuia mfuniko kufunga. Pili, aina ya soketi. Vyuma vya LGA1200 haviingii kwenye LGA1700, matundu yake yako mbali zaidi. Tatu, nafasi ya memori ndefu chini ya feni. Kisha hakikisha keisi ina feni ya kuingiza hewa mbele na ya kuitoa nyuma, la sivyo kipoza kitakuwa kinazungusha hewa ileile ya moto.

Na kama fedha haitoshi? Ingia kwenye baosi upunguze wati. Wati za mwisho huongeza joto jingi na kasi kidogo. AMD wameweka mpangilio maalumu wa kubana matumizi ambao huifanya 7950X isivuke wati 142. Sisi, hata baada ya kuweka kipoza kipya, tuliweka kikomo cha wati 180. Siku hizi tunatoa video saa nane mchana bila kelele. Kila mwezi tunapuliza vumbi la kiangazi, huku tukishika mapanga ya feni yasizunguke.

Neno kwa wafanyabiashara

Nanyi ndugu zetu wa Kobero na Mugina, nina ombi. Kipoza cha zaidi ya kilo moja kinaning'inia kwenye mazabodi. Mashine ikilala vibaya juu ya basi kutoka Dar es Salaam, mashimo ya barabarani yanaweza kuipinda au kuipasua. Kivueni kipoza, mkifunge peke yake, na mje na pesti mpya. Ya zamani ifutwe yote. Mpya huwekwa kiasi cha punje ya njegere, na karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza ibanduliwe.

Shemeji yangu sasa, kabla hajanunua mashine, humwuliza muuzaji swali moja: "Kipoza hiki kinahimili wati ngapi, kwenye chumba cha nyuzi ngapi?" Asiyeweza kujibu, humwachia mashine yake. Laiti tungeuliza hivyo mapema, ile theluthi ingekuwa kwenye sanduku la kikundi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari mjini Bujumbura.