Kashata Yenye Protini: Utangulizi kwa Anayeanza

Wengi huja katika somo hili na swali moja tu: gramu ngapi? Wameziona kashata za protini kutoka ng'ambo kwenye rafu za supamaketi za Lavington, Nairobi, moja ikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha kibandani cha watu wawili, kisha wakarudi Kabiro, mtaani Kawangware, wakijiuliza kama hawawezi kujitengenezea. Wanaweza. Njugu karanga zipo, simsim ipo, soya ipo, sukari nguru ipo, na jiko la makaa au meko ya gesi inatosha. Swali la gramu ni halali na nitalijibu. Ila somo lenyewe halianzii hapo. La kwanza ni maji yaliyobaki ndani ya kashata, la pili ni usalama wa njugu, na protini ni la tatu. Anayepindua mpangilio huu hupata kitafunio chenye hesabu nzuri ambacho kimeota ukungu kabla ya wiki kwisha.

Karibu basi. Nakukaribisha katika elimu ambayo haijawahi kukaa chumba kimoja. Wanasayansi wa chakula wana vipimo vyao. Wataalamu wa lishe kwenye kliniki wana chati zao za uzito wa watoto. Wapika kashata, ambao wameifanya kazi hii kwa vizazi kuanzia pwani hadi bara, hawajaulizwa mengi na yeyote. Kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako sayansi ya chakula na lishe hufundishwa, iko mwendo mfupi wa matatu kutoka Kawangware, na bado ni nadra mtu wa maabara kuketi karibu na karai la mpika kashata akiwa na daftari. Kurasa zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya wote wawili.

Tulimalize la gramu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikitoa mwaka 2007 ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Fundi wa mjengo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi. Yai moja lina gramu 6, na gramu 100 za maharagwe makavu zina kama 22. Mtu anayekula githeri mchana, ugali na maharagwe usiku, na chai ya maziwa katikati, hayuko mbali na lengo lake. Kashata si dawa ya upungufu mkubwa. Faida yake ni kwa anayetoka nyumbani alfajiri bila kula, anayeshinda njiani, au mtoto wa shule anayekaa na njaa hadi saa saba mchana.

Kwa nini basi dunia nzima imepagawa na protini? Sehemu ya hadithi hiyo ilitokea hapa kwetu Kenya. Mwaka 1931 watafiti John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti iliyolinganisha Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, viazi na jamii ya kunde. Mwanamume wa Kimasai, waliandika, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Kwa maoni yangu ripoti ile ilisomwa kwa pupa. Walioisoma walikimbilia nyama na maziwa, wakayapa nafasi ndogo maradhi, kazi za sulubu na ardhi iliyokuwa imepunguzwa.

Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, na mwaka 1935 akaupa ulimwengu jina ambalo Waga wa huko walikuwa nalo tayari: kwashiorkor. Hospitali ya Mulago, Kampala, ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kuuchunguza. Huko Uganda ndiko akina mama walikofundishwa kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani vinavyokamilishana katika chungu kimoja. Kwa miongo kadhaa wataalamu waliamini kwamba ulimwengu maskini unapungukiwa protini hasa, hadi Donald McLaren alipoandika katika jarida la Lancet mwaka 1974 kwamba imani hiyo ilikuwa kosa kubwa lililokula fedha na muda. Watoto wengi walikosa chakula, chakula chote kwa jumla.

Nina ushahidi mwingine wa karibu kwa vijana wa gym wanaonijia na chupa zao za protini. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walipima chakula cha wakimbiaji bora wa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Protini ilitoa asilimia 10.1 tu ya nishati yao, na wanga asilimia 76.5. Wanaume waliokuwa wakiwashinda walimwengu walikimbia kwa ugali, sukari na chai ya maziwa. Hata kashata maarufu ya wanariadha wa Marekani, PowerBar, ambayo Brian Maxwell, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada, alianza kuiuza mwaka 1986, ilikuwa kwanza chakula cha wanga.

Sasa maji. Hapa ndipo elimu hii inapong'aa, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Chakula huharibika kwa maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia. Wanasayansi huyaita maji huru, na huyapima kutoka 0 hadi 1, ambapo maji matupu ni 1. Bakteria wengi wanaoleta maradhi hushindwa kuzaana chini ya 0.85. Chini ya 0.60 hata ukungu mgumu hauoti. Asali iko karibu na mstari huo wa chini, na ndiyo sababu hukaa miaka. Ndizi mbivu iko juu kabisa, zaidi ya 0.95, kwa hiyo kashata iliyoungwa kwa ndizi iliyopondwa, jinsi mapishi mengi ya kisasa yanavyoelekeza, ni chakula cha leo na kesho. Tende hufanya kazi nzuri zaidi. Sukari huyashika maji na kuyanyima vijidudu. Kwa hiyo anayepunguza sukari ili kashata iwe ya kiafya anapunguza pia ulinzi wake, na ni lazima ailipie kwa kuikausha zaidi au kuila mapema.

Mwaka 1996 André Briend na Michel Lescanne wa Ufaransa waliitumia kanuni hiyo kutengeneza Plumpy'Nut: siagi ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, ndani ya kipakiti cha gramu 92 chenye kalori 500. Kabla ya hapo, mtoto mwenye utapiamlo mkali alipewa maziwa maalumu ya kukorogwa kwa maji, na maji machafu yaligeuza tiba kuwa hatari. Ndani ya siagi ya karanga bakteria hawana maji ya kutumia. Mtoto aliweza kutibiwa nyumbani, na kipakiti kikafunguliwa kwa meno. Plumpy'Nut ndiyo ndugu mkubwa wa kashata zetu.

Mtazame mpika kashata sasa. Ameweka sukari nguru na maji kidogo kwenye karai, na povu la mwanzo ni kubwa, lenye kelele, kwa kuwa maji yanatoka kwa wingi. Baada ya dakika kadhaa mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka polepole, na mlio unashuka. Anachota kidogo kwa ncha ya mwiko na kudondosha kwenye kikombe cha maji baridi. Tone likitawanyika, bado. Likijikusanya na kufinyangika kati ya vidole, kashata itakatika laini. Likilia linapogonga kikombe, imepita, labda atafute wateja wenye meno. Amepima kiasi cha maji kilichobaki ndani ya sukari, kwa usahihi ambao kipimajoto hakitampa asipokielewa.

Namaanisha hivi. Vitabu huelekeza hatua ile ya kufinyangika kwenye nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,800, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Sukari nayo hufuata: hatua ambayo Mombasa ingefika kwenye 114, Kawangware hufika kwenye 108. Mwanafunzi anayengoja 114 akiwa Kabiro atapata kashata ya kuvunjwa kwa nyundo, kisha ailaumu sukari nguru. Punguza nyuzi sita, au udondoshe tone. Tone halijali mwinuko.

La njugu ni zito, na silipambi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga zilizotoka Brazili, na uchunguzi ukagundua sumu ya ukungu wa Aspergillus flavus: aflatoksini, ambayo majirani wetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Kenya iliijua kwa uchungu mwaka 2004, pale mahindi yaliyoota ukungu yalipowaugulisha watu 317 na kuua 125, wengi wao katika Makueni na Kitui. Dozi ndogo ya muda mrefu haiui kwa siku moja. Huharibu ini pole pole. Karanga na mahindi ndizo hupatwa zaidi, hasa zikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa kwenye unyevu.

Kukaanga hupunguza sumu hii lakini hakuimalizi. Kinachosaidia sana jikoni ni macho. Nunua njugu nzima, mbichi, zisizopondwa, kwa sababu zilizopondwa huficha siri. Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizopasuka ganda, zenye madoa meusi au rangi ya kijani, na usizile hizo wala kuzipa kuku. Sumu hukaa zaidi ndani ya njugu chache mbaya, kwa hiyo kuondoa kiganja kimoja kunaweza kuondoa sehemu kubwa ya hatari. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme na uanze kuchambua upya. Kazi hii inachosha mgongo, na hakuna mashine ya kijijini itakayokufanyia.

Ndipo tunarudi kwenye protini, safari hii kwa upande wa ubora wake. Protini hujengwa kwa asidi amino, na mwili hauwezi kutengeneza baadhi yake. Karanga, ingawa ni jamii ya kunde, ina laisini na methionini chache. Simsim ina methionini nzuri lakini laisini kidogo. Kwa hiyo kashata ya karanga na simsim peke yake, tamu jinsi ilivyo, ina pengo. Soya na maziwa ya unga huliziba. Omena iliyokaushwa na kusagwa hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, lakini harufu yake imeshinda majaribio mengi, na mimi simlazimishi mtu. Soya isitumiwe mbichi. Ina kizuizi kinachozuia protini kumeng'enywa, kwa hiyo chemsha punje nusu saa, kausha, kaanga, kisha saga.

Mchanganyiko wa kuanzia ni huu: karanga zilizokaangwa gramu 200, simsim 100, unga wa soya iliyotayarishwa 100, maziwa ya unga 50, na sukari nguru 150 iliyofikia tone la kufinyangika. Maziwa yaingie baada ya moto kuzimwa. Louis Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana kwa joto. Rangi ya kahawia na harufu nzuri hutoka hapo, na laisini hupotea hapo hapo. Sukumia mchanganyiko kwenye kibao kilichopakwa mafuta, kata vipande 12 ukiwa bado na joto. Kila kimoja kitakuwa na gramu 50, protini karibu gramu 10 na kalori zipatazo 240. Anayebadilisha sukari nguru kwa asali akumbuke kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali. Wadogo hukabwa na njugu, na wenye mzio wa karanga wasiguse kabisa. Mtoto anayekonda au kuvimba miguu apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Kashata ya nyumbani si mbadala wa tiba.

Kuna mengi yanayongoja watu wa kuyafanyia kazi. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo, kina kituo kinachochunguza wadudu kama chakula, wakiwemo nyenje, ambao wakikaushwa hushindana na omena kwa protini bila harufu ile. Anayetaka kuuza kashata zilizofungashwa dukani atahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na njia ya mtengenezaji mdogo kuifikia inastahili sura yake. Lakini swali ninalolitaka zaidi lifanyiwe utafiti ni la muda ambao kashata hukaa chini ya paa la bati. Mafuta ya karanga huchacha kwa joto, mwanga na hewa, na chumba cha mabati mwezi wa Februari hakifanani na ghala lolote la maabara. Pika sufuria moja, igawe mara tatu: karatasi, mfuko wa plastiki angavu, na mkebe unaofunga. Iweke chumbani unamolala, onja kipande cha kila kundi kila wiki, na uandike tarehe ambayo ulimi wako umeanza kukataa.