Kitufe Kisicho na Jina

Asiyeona anapotumia simu ya kisasa habahatishi. Ndani ya simu mna kisoma skrini: kwenye Android kinaitwa TalkBack, kwenye iPhone kinaitwa VoiceOver, na vyote viwili vilianza kutumika 2009. Kidole kikipita juu ya kitu, simu hukitaja kwa sauti: "Tuma pesa, kitufe." Akigonga mara mbili, kitufe kimebonyezwa. Waliozoea huikimbiza sauti hiyo kiasi kwamba asiyeijua hasikii maneno, husikia mlio tu. Lakini kisoma skrini hakitegemei mshale au noti iliyochorwa juu ya kitufe. Husoma jina ambalo mtengenezaji ameliandika ndani ya programu, na asipoliandika mara nyingi kinachosikika ni "kitufe". Cha pili, "kitufe". Cha tatu, "kitufe". Mwenye pesa zake hajui kipi kinatuma na kipi kinafuta.

Kuandika jina hilo ni kazi ya dakika chache. Kazi ngumu ni kulihifadhi lisipotee. Mara nyingi mambo huenda hivi: programu inajaribiwa na wasioona, kasoro zinaorodheshwa na kurekebishwa, ripoti nzuri inaandikwa. Kisha linakuja toleo jipya. Msanifu amebadili mwonekano, mtengenezaji amechomeka kitufe kipya penye kile cha zamani, na jina limeondoka na kile kilichotupwa. Hakuna mtu ofisini anayetumia kisoma skrini katika kazi zake za kila siku, kwa hiyo hakuna aliyesikia. Atakayegundua ni mteja, usiku, akitaka kumtumia mwanawe nauli.

Programu ya simu haikamiliki kama nyumba inavyokamilika, funguo zikakabidhiwa. Hubadilika kila baada ya wiki chache, na chini yake hubadilika mfumo wa simu, kisoma skrini chenyewe, hata mtandao. Jaribio la mara moja linahusu toleo lililojaribiwa siku ile, ambalo huenda kwa sasa halimo tena kwenye simu ya mtu yeyote. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mrejesho wa watumiaji wenye ulemavu ni lazima uwe sehemu ya utengenezaji wenyewe, toleo kwa toleo, na watoao mrejesho wawe na uwezo wa kuzuia toleo baya lisitoke.

Wengi hudhani mashine za ukaguzi zinatosha. Zina faida. Kila mwaka shirika la WebAIM la Marekani hupitisha mashine kwenye kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikutwa na kasoro: maandishi hafifu yasiyotofautiana vya kutosha na rangi ya nyuma yake, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na majina. Hata hivyo mashine huona tu kwamba maelezo yapo; haijui kama yana maana. Picha ya risiti iliyoandikiwa maelezo "picha1" inafaulu.

Hata miongozo ya ufikivu wa tovuti inayoheshimika duniani, ile ya WCAG, haifiki mwisho wa safari. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwaketisha watu 32 wasioona mbele ya tovuti 16. Matatizo 1,383 yalijitokeza, na miongozo iligusa asilimia 50.4 tu. Mengi kati ya yaliyosalia hayakuwa makosa ya msimbo: mtu alifungua ukurasa aliotegemea kupata jambo, hakulipata, au alilipata baada ya kusomewa mengi asiyoyahitaji. Mambo hayo hayana kanuni ya kuyapima, huonekana kwa kukaa na mtu akifanya kazi yake.

Timu inayosanifu kurasa za serikali ya Uingereza, GOV.UK, ilikutana na jambo la namna hiyo. Viwango vya wavuti vina kisanduku maalumu cha kuandikia namba, na kukitumia kunaonekana ndiyo sahihi. Lakini baadhi ya visoma skrini na programu za kuandika kwa sauti hazikukielewa vizuri, na gurudumu la kipanya likizungushwa kwa bahati mbaya namba inabadilika bila mtu kujua. Mwaka 2020 timu ilikiacha, ikatumia kisanduku cha maandishi ya kawaida kinachofungua kibodi ya tarakimu kwenye simu. Kisanduku cha namba kilikuwa halali kwa kila kanuni. Waliokuwa wakihangaika ni watu.

Hivyo niwe mkali kidogo kuhusu wauzaji wa njia ya mkato, wanaodai kwamba mstari mmoja wa msimbo ukiubandika, tovuti nzima itamfaa kila mwenye ulemavu. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa madai ya aina hiyo.

Tuje kwetu Tanzania, ambako pesa hupita kwenye menyu za nyota na reli. Anayetumia kisoma skrini akipiga *150*00# lazima asubiri orodha yote isomwe, atafute kisanduku, atafute tarakimu, ajibu. Mtandao haumngoji. Muda ukiisha menyu hufungwa, naye huanza upya. Ikifika zamu ya namba ya siri, simu inabidi itamke tarakimu ili aipate, na kama hana visikizi masikioni, foleni nzima imesikia. Msanifu anayeona hufikiria namba ya siri kama kitu cha kufichwa kwa vinukta kwenye skrini. Anayemjulisha kwamba kuna kuficha kwa sikio pia ni yule aliyewahi kusimama kwenye foleni hiyo.

Mwenye ualbino naye ana shauri lake. Wengi wao wana uoni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Hukuza maandishi mpaka herufi zijae skrini, na hapo ndipo kitufe cha "Thibitisha" husukumwa nje ya kioo, kisifikike. Kiziwi anayeambiwa "tutakupigia kuhakiki" amefungiwa mlango. Wapo pia viziwi ambao lugha yao ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili kirefu cha masharti na vigezo kinawachosha kuliko msomaji mwingine. Tena, ukurasa wa wavuti hutakiwa kutaja lugha yake ndani ya msimbo. Kiolezo cha ukurasa kikitoka nje kikiwa kimetaja Kiingereza, na hakuna aliyekibadilisha, kisoma skrini kinaweza kuanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza ilhali sauti ya Kiswahili imo kwenye simu. Anayeona ukurasa huo hataona kasoro yoyote.

Tatizo kubwa la kukusanya maoni ni kwamba maoni hutoka kwa waliofanikiwa kuingia. Aliyeshindwa kujisajili kwa sababu fomu ilimtaka athibitishe kwamba si roboti kwa kuchagua picha zenye pikipiki hayumo kwenye takwimu zako, na halalamiki, maana hata fomu ya malalamiko ina picha zilezile. Kampuni husema "hatuna wateja wasioona", nayo inaamini. Watu hao hutafutwa waliko: Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Watu wenye Ualbino, na shirikisho la vyama hivyo, SHIVYAWATA. Mlango wa maoni nao uwe zaidi ya mmoja: ujumbe mfupi, sauti iliyorekodiwa, video ya lugha ya alama.

Na wasiitwe wajuzi peke yao. Mtaalamu wa TalkBack atapita mahali ambapo mama wa makamo aliyepoteza macho majuzi atakwama, na asiyeona mmoja hawezi kuwasemea wote. Wajaribu kwenye simu zao wenyewe, za bei nafuu zenye kioo kilichopasuka na kumbukumbu iliyojaa, na waulizwe mapema, wakati mchoro bado uko kwenye karatasi. Walipwe. Kumpa mtu soda na nauli kwa ujuzi ambao ofisi nzima haina ni dhuluma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Kisha wajibiwe: kasoro uliyoitaja imerekebishwa katika toleo hili, au haijarekebishwa kwa sababu hii. Mtu asiyejibiwa mara mbili hurudi kunyamaza.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. NVDA, kisoma skrini cha bure kinachotumika kwenye kompyuta za Windows duniani kote, kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Kasoro ilipoingia katika toleo lao waliisikia wenyewe, mezani pao.

Taasisi nyingi haziwezi kuwa hivyo kwa siku moja, lakini zote huandika mikataba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unazitaka nchi ziwashirikishe watu hawa kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu. Wizara, benki au halmashauri inaponunua mfumo, maneno hayo yanaweza kugeuzwa kuwa vifungu vya zabuni: kila toleo lijaribiwe na kundi la watumiaji wenye ulemavu linalolipwa kutoka kwenye bajeti ya mradi, orodha ya kasoro walizozikuta iambatanishwe na hati ya malipo, na mkandarasi asilipwe awamu inayofuata ikiwa kuna mtu katika kundi hilo aliyeshindwa kujisajili, kulipa au kupata risiti yake bila kuomba msaada wa mwingine.